Jino Lililonyamaza

Waliokuwamo katika chumba kile cha matibabu walikuwa wanne: daktari wa meno, mama wa makamo mwenye miwani; muuguzi wake, aliyekuwa akipanga vifaa kwenye sinia; mpiga tarumbeta, aliyelala kitini mikono ikikumbatia tumbo; na shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyemsindikiza ili asitoroke njiani.

Mpiga tarumbeta alikuwa na hoja moja tu, naye aliikariri tangu mlangoni.

"Daktari, jino limeacha kuuma lenyewe. Wiki nzima limenitesa, leo nimeamka sina hata chembe ya maumivu. Niruhusu tu niende zangu."

"Limepona kwa kuogopa ngazi za hapa," shemeji akadakia. "Huyu mtu, Daktari, akipuliza tarumbeta mtaa mzima unashtuka. Akiona sindano, anazimia yeye."

"Nyamaza, shemeji! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Daktari hakucheka. Alichukua kipamba kilichopozwa kikawa kama barafu, akakigusisha kwenye jino zima lililo jirani na lile bovu. Mpiga tarumbeta aliruka, visigino vikapiga kiti. Kisha daktari akakihamishia kwenye jino la mbele lililokuwa likimsumbua. Mgonjwa alifumba macho, akakaza vidole, akangoja.

"Gusa basi, Daktari."

"Nimeshagusa, kaka. Bado nimekishikilia hapo."

Jasho jembamba lilimtoka. Wiki nzima alikuwa akiogopa maumivu. Sasa aliogopa kuyakosa. Aliomba ajaribiwe tena. Akajaribiwa: hola! Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba unayoijua ina watu, usisikie hata kikohozi.

"Kimya kingi kina mshindo mkubwa," daktari akasema. "Hilo halijapona. Mshipa wa fahamu ulio ndani umekufa, na vijidudu vinashuka kwenye mzizi kuelekea mfupani. Likiachwa, litaamka na usaha na uvimbe."

"Basi ling'oe, yaishe," shemeji akasema, safari hii bila mzaha.

"Kung'oa naweza. Lakini ndilo linaloegemeza mdomo wake anapopuliza, na jino la pembe si dawa ya pengo. Mzizi wenyewe bado imara. Nikitoboa kwa nyuma, nikasafisha njia ya ndani na kuiziba vizuri, linaweza kudumu miaka mingi. Siwadanganyi: meno machache hugoma, ikabidi kurudia au kung'oa."

"Na ganzi... itashika?" mgonjwa akauliza.

"Sianzi mpaka ishike. Ukisikia linauma, inua mkono, nami nitaacha papo hapo. Baadaye litakusumbua kidogo siku chache ukitafuna. Hilo la kawaida. Ukivimba au ukapata homa, usimeze dawa za kupewa na jirani. Njoo."

Muuguzi alivuta dawa kwenye bomba la sindano akiwa amegeuka ukutani, lakini mgonjwa aliiona ncha yake ikimeremeta. Moyo ulimdunda hadi masikioni. Aliusukuma ulimi kwenye lile jino, nalo halikumjibu kitu. Akaiwaza pumzi yake ikivuja pengoni, wimbo ukigeuka mluzi, na wanabendi wenzake wakitazama viatu vyao kwa aibu.

"Sikilizeni nyote," akasema. "Jino haling'olewi. Shemeji, njoo unishike mkono, na ukicheka tutagombana. Daktari, tibu mzizi."