Skafu Shingoni mwa Lisandru

Ilinca alipewa kazi ya kubeba jagi la divai kwa sababu yeye ndiye msichana pekee aliyebaki kijijini. Wenzake walikuwa wametawanyika Italia na Hispania, wakichuma matunda na kuuguza wazee wa watu, kama alivyofanya mama yake. Mwenyewe hakuwa mwenyeji sana pale. Alikuja kukaa kwa bibi yake, Dochia, mwaka juzi tu, mama alipoondoka, na marehemu aliyekuwa akifukuliwa siku hiyo hakuwahi kumjua. Alijua tu kwamba ni mtoto wa Shangazi Veta, jirani wa ng'ambo ya kijito, kwamba aliitwa Lisandru, na kwamba alizama mtoni akiwa na miaka kumi na saba. Umri wake Ilinca.

Huko kwao mtu akitimiza miaka saba ardhini hutolewa. Mifupa huoshwa kwa divai, hufungwa kitambaa cheupe, padri huisomea, kisha hurudishwa ikapumzike moja kwa moja. Ni shughuli ya mchana kweupe. Watu huja na mikate na maharage na pombe ya plamu, wanalia kidogo, wanakula.

"Mbona umepauka hivyo?" Bibi Dochia alimnong'oneza kando ya shimo. "Utaweza kusimama kweli?"

"Naweza, Bibi."

"Tangu tuanze kupika plamu umekuwa kama mshumaa. Huyo kijana wako atakumaliza."

"Bibi!"

"Nini? Unadhani mimi kipofu? Mtu haendi kisimani saa nzima akarudi na ndoo tupu. Labda hicho kisima kina masharubu."

Wanawake wawili waliokuwa karibu waliziba midomo kwa vitambaa vyao wasicheke mbele ya Veta. Ilinca aliinamisha uso. Ni kweli kijana alikuwepo. Aliitwa Sandu, na walikuwa wakionana nyuma ya banda la kupikia pombe, alasiri zile ambazo ukungu unashuka mlimani hadi mtu haoni uzio wake. Alikuwa mcheshi, anajua kuiga sauti za wazee wote wa kijiji, na mikono yake ilikuwa baridi ajabu. "Kwenu mnalala kwenye jokofu?" Ilinca alikuwa akimtania, naye anacheka, anaificha mikono mifukoni. Akiwa naye alikuwa anasahau muda. Alikuwa akirudi nyumbani magoti yanamlegea, na kwenye kifundo cha mkono ana alama mbili ndogo ambazo aliamini ni miiba ya ule uzio.

Jumapili iliyopita Sandu hakutania. Alimwambia, "Ukija kukaa na mimi hutazeeka. Utabaki hivi hivi, na mimi hivi hivi."

"Kwani kwenu mnajipaka mafuta gani?"

"Nasema kweli, Ilinca. Ila ukija, hurudi."

Alimjibu kwamba atakuja. Kwa nini asije? Mama alikuwa sauti ya simu ya kila Jumamosi, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kumtazama kama vile Sandu alivyomtazama. Akavua skafu yake akamfunga shingoni, kwa sababu mvulana yule alitia huruma kwa baridi.

Sasa Pârvu, kaka yake Veta, aliingiza ncha ya sururu chini ya kifuniko cha jeneza. Mbao zililia. Wanaume walikuwa wameshajifunga vitambaa puani. Kifuniko kikanyanyuka, Pârvu akakisukuma pembeni, akainama. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga ukuta wa udongo, akabaki amejibana pale, mdomo wazi.

Hakukuwa na mifupa.

Alikuwepo mvulana amelala, mzima, mashavu yana wekundu wa mtu aliyetoka kukimbia. Nywele zilikuwa zimemwagika kwenye paji la uso. Midomo ilikuwa na unyevu. Padri alikatisha sala katikati ya neno. Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Na Ilinca, aliyekuwa amesogea na jagi lake kama alivyoelekezwa, alichungulia ndani, akamwona Sandu.

Akili yake ilikataa. Alijiambia ni ndugu yake, ni mtu wamefanana. Ndipo akaiona skafu, nyekundu yenye ukingo wa kijani, na lile fundo alilolifunga mwenyewe. Lisandru. Sandu. Hakuwa amemdanganya hata jina.

Jagi lilimponyoka, likapasukia kwenye mawe.

"Hiyo skafu nimeifuma mimi," Bibi Dochia alisema, taratibu, kama anayeongea usingizini. "Nimeifuma mimi kwa mikono yangu. Ilinca? Ilinca, hiyo skafu imefikaje humo?"

Watu wote wakageuka. Mtu mmoja akautamka waziwazi ule mnong'ono wa siku zote: strigoi. Mfu asiyelala, mnyonya damu ya walio hai. Bibi akamkamata mjukuu wake mkono, akapandisha mkono wa shati lake, akaziona zile alama mbili. Alitoa mlio ambao Ilinca hakuwahi kuusikia ukitoka kwa binadamu.

Padri alifunga kitabu chake. "Mimi sikuona kitu," alisema, rangi imemtoka. "Na mtakalofanya sitaki kulijua." Akaondoka mbio, joho limemsokota miguuni.

Kila mtu alijua kitakachofanywa. Moyo hutolewa, huchomwa, na majivu yake hukorogwa kwenye maji akapewa yule anayenyonywa ili apone. Wanaume walilibeba jeneza hadi chumba cha zana nyuma ya kanisa, wakatoka kuwasha moto. Mlangoni, Veta alimdaka Ilinca kiunoni.

"Niacheni nimuage mwanangu. Na huyu msichana aje, alikuwa wake."

"Thubutu!" Bibi Dochia alimrukia, lakini Veta alikuwa ameshamvuta Ilinca ndani na kusukuma komeo. Bibi akabaki nje anapiga mlango kwa ngumi.

Chumbani mlikuwa na majembe, ngazi, na dirisha dogo. Lisandru alifumbua macho.

Ilinca alirudi nyuma mpaka akagonga ngazi. Mvulana alijiinua akaketi kwenye jeneza lake kama mtu aliyeamshwa kitandani, akamtazama yeye kwanza, si mama yake.

"Nilitaka kukwambia," alisema. "Kila siku nilitaka."

"Wewe umekufa."

"Ndiyo."

"Umekaa na mimi, umecheka na mimi, na umekufa!"

"Njoo sasa, Ilinca. Ulisema utakuja. Kidogo tu, hata haiumi, na tunatoka kwa hilo dirisha kabla hawajarudi. Mlima wote ni wetu. Hakuna atakayekuacha tena akaenda mbali."

Alinyoosha mkono. Ajabu, na hili ndilo lililomtisha Ilinca kuliko yote, ni kwamba miguu yake ilipiga hatua. Aliupenda ule mkono. Aliupenda hata sasa, na udongo kwenye kucha.

"Nenda, mwanangu," Veta alisema nyuma yake.

Ilinca akageuka. Mama yule alikuwa amepiga magoti, machozi yanamtiririka, anatabasamu.

"Nenda naye. Miaka saba anatangatanga peke yake. Huwa anakuja dirishani kwangu anasimama, haniambii neno. Wewe anaongea na wewe. Nakuomba, asikae peke yake huko baridini."

"Shangazi Veta, unaniomba nife?"

"Naomba usimwache."

Nje Pârvu aliita kwamba moto umeshika. Kisha swali moja likamjia Ilinca, akaliuliza bila kujua amelitoa wapi.

"Mume wako alikufa lini, Shangazi?"

Veta aliinamisha uso.

"Na yule binti yako mdogo? Bibi aliniambia walimfuata Lisandru mwaka uleule. Walikufa na nini?"

Lisandru aliteremsha mkono. "Tunaanza na wa nyumbani," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyefumaniwa. "Hatuchagui. Mtu unaamka na njaa, na miguu inakwenda inapopajua. Nilimlilia mdogo wangu Ruxa. Naapa nilimlilia. Mama nilijizuia, nikawa nasimama nje tu."

"Na mimi nikiamka?"

Lisandru aliangalia mlango. Mlangoni ngumi za bibi yake zilikuwa bado zinalia, sasa kwa udhaifu, na sauti yake ya kikongwe inaita, "Ilinca, mtoto wangu, nifungulie, nifungulie." Miguu inakwenda inapopajua. Ingekwenda kwa huyo, kisha ingemngoja mama ashuke kwenye basi wakati wa Krismasi na mizigo yake.

"Wewe ulijua," Ilinca alimwambia Veta. "Ulijua, na ukanivuta ndani."

"Ni mwanangu," Veta alisema.

Ilinca alimtazama Lisandru mara ya mwisho. "Nilikuwa nije," alimwambia. "Usiniambie sikukupenda. Lakini siji."

Alitegemea atamrukia. Dirisha lilikuwa wazi, na Lisandru alikuwa na nguvu kuliko wao wawili. Mvulana aliangalia dirisha, akamwangalia mama yake. Kisha akajilaza taratibu, akaipanga skafu vizuri shingoni, akafumba macho.

Ilinca akaondoa komeo.

Kilichofuata hakukitazama, alikisikia tu, akiwa amefukia uso kwenye kifua cha bibi yake. Veta alilia kama mtu anayezaa. Baadaye Bibi Dochia alimletea glasi ya maji ya kijivu.

"Siwezi, Bibi."

"Utakunywa. Nitalia baadaye, na wewe utalia baadaye. Sasa hivi kunywa."

Alikunywa. Usiku ule alilala usingizi mzito, na asubuhi alipoona kwenye kioo damu imeanza kumrudi usoni aliona haya kama mwizi. Mama yake alikuja mapema kuliko alivyoahidi, akalala naye kitanda kimoja wiki nzima, hakuuliza kitu.

Mwishoni mwa majira ya baridi, Ilinca akiwa anafuta theluji uani, Veta alisimama nje ya uzio. Walikuwa hawajasalimiana tangu siku ile. Ilinca alishika koleo kwa mikono miwili, akasubiri kulaaniwa.

"Nasikia alikuwa anaiga sauti za wazee," Veta alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na ya kaka yangu Pârvu?"

"Hiyo ndiyo aliyoipatia kuliko zote."

Veta aliushika uzio. "Mimi tangu afe sauti yake nimeisikia ile siku moja tu. Alikuwa anachekeshwa na nini?"

Ilinca alisita. Kisha akaegesha koleo ukutani, akafungua lango, akamkaribisha jikoni, akaanza kumsimulia.