Vitenge Viwili Tumboni

Shamsi alikunja vitenge viwili mkunjo wa mviringo, akavibana kwa mtandio tumboni mwa mkewe, halafu akarudi nyuma kutazama kazi yake kama fundi cherehani.

"Mwezi wa nane huo," akasema. "Hebu weka mkono kiunoni. Hapo hapo!"

Kudra akaweka mkono kiunoni. Angefanyaje? Gari la kukodi lilikuwa linanguruma nje, na kule Kibondo mama yake alishatandika kitanda cha mzazi.

Haya, tuanzie mwanzo, maana jambo hili ukiliingilia katikati utadhani watu hawa walizaliwa na ubaya. Hapana. Shamsi alikuwa na duka la vitenge pale sokoni Kasulu. Alipoweka picha za vitenge mtandaoni, walitazama watu hamsini, na nusu yao ni shemeji zake. Siku moja akamrekodi mama yake, Bi Kuruthumu, akimfundisha Kudra kusonga ugali wa muhogo. Bibi anafoka Kiha, mkwe anahangaika na mwiko, jasho linamtiririka. Hadi jioni, watu laki mbili walikuwa wameitazama. Laki mbili! Shamsi hakulala kwa furaha.

"Watu wamechoka na maigizo," akasema. "Wanataka uhalisia. Sisi uhalisia tunao wa bure."

Na tumpe haki yake, kichwa anacho. Klipu moja kila siku bila kukosa. Sekunde tatu za kwanza mtu awe ameshacheka. Kiha kiachwe kama kilivyo, Kiswahili kiandikwe chini. Alikwenda mpaka kijijini Munanila kurekodi wanawake wakipura maharage. Miezi minne haikuisha, wafuasi wakafika laki tatu. Kudra akawa hawezi kununua nyanya sokoni bila kuombwa picha, na tuseme ukweli, alipenda.

Kisha akapata mimba. Bi Kuruthumu akasema mimba hufichwa, watu wana jicho baya. Shamsi akacheka. "Mama, hii ndiyo klipu yenyewe!" Basi ikatangazwa. Watu wasiojuana wakagombania jina la mtoto. Vifurushi vikaanza kushuka kwenye mabasi: mashuka, beseni, vinguo. Mama mmoja wa Tanga alifuma kofia kwa mkono wake, na Kudra alipoishika alilia kwa furaha.

Mwezi wa tano mimba ikatoka.

Alirudi kutoka hospitali siku ya tatu, hana nguvu hata ya kushika kikombe. Shamsi akakaa ukingoni mwa kitanda, macho mekundu. Halafu, jamani, akauliza, "Sasa watu tutawaambia nini?"

Kudra alidhani hakusikia vizuri.

"Wiki moja tu," Shamsi akasema. "Tujipange kwanza. Vitu vyao tumepokea, Kudra. Tukisema leo, watasema ilikuwa uongo tangu mwanzo. Watatuita matapeli."

Bi Kuruthumu naye, aliyekuwa anajipangusa machozi kwa ncha ya khanga, akaunga mkono. Jicho la watu ndilo lililomuua mjukuu wake, akasema, na jicho hilo lisipewe sherehe. Usimwambie mtu, akamwonya Kudra. Hata kwenu, maana simu ya mama yako siku zote iko kwenye spika na Kibondo nzima inasikiliza.

Ndivyo vitenge vilivyoingia tumboni. Wiki ikazaa wiki. Maziwa yalimtoka Kudra, akabadilisha gauni mara mbili ndipo wakamaliza klipu ya mke mwenye mimba anayelilia udongo wa kutafuna. Watu walicheka sana ile klipu. Yeye usiku ule aliuma mto ili mama mkwe asisikie. Alikuwa amefiwa, na kila alipotoka nje watu walimpongeza. Mwanamke mmoja sokoni alinyoosha mkono amshike tumbo, Kudra akaruka nyuma hadi akaangusha fungu la dagaa. Watu wakasema, mimba hiyo ina hasira!

Alijaribu kusema. Mara ngapi! Lakini kila siku iliyopita iliongeza uongo mmoja wa kueleza, na hatimaye hakujua aanze na upi.

Sasa uzazi wa kwanza, kwao, mwanamke huenda kujifungulia kwa mama yake. Bi Nasma, mama yake Kudra, alikuwa anapiga simu kila asubuhi: unakuja lini, mwanangu, chumba kiko tayari. Shamsi akaliona hilo, akapata wazo.

"Tunakwenda, tunapokewa, tunarekodi. Baada ya wiki mbili tunasema mtoto amefia tumboni. Watu watatuonea huruma. Yataisha."

"Afe mara ya pili?" Kudra akauliza.

Shamsi alikuwa anatafuta chaja.

Basi wakafika Kibondo saa nne za asubuhi. Uani kulikuwa na wanawake kama thelathini wamejifunga vitenge vya sare, na mwenye ngoma alishaanza. Shamsi alishuka kwanza, akawasha simu, akarusha moja kwa moja. Watu elfu kumi na moja walikuwa wanatazama wakati Kudra alipotoa mguu garini.

"Mwakeye, mwana wanje!" Bi Nasma akaja mbio, mikono wazi, akimwamkia mwanawe kwa Kiha, akamkumbatia.

Akamkumbatia kwa nguvu, kisha mikono yake ikasita. Kudra aliuhisi ule msito mgongoni. Mama alikuwa amezaa saba. Tumbo la mtu na furushi la nguo havimchanganyi. Kudra akafumba macho akisubiri aibu imwangukie mbele ya Kibondo na mbele ya nchi nzima.

Bi Nasma akapiga kigelegele. Alipiga kirefu kuliko wote, akamshika mwanawe mkono, akampitisha katikati ya ngoma, akamwingiza chumbani, akafunga komeo.

"Mama, tupate na ya ndani kidogo!" Shamsi akaita nje ya mlango.

Bi Nasma hakugeuka. Alifungua mtandio, vitenge vikaanguka sakafuni.

"Lini?"

"Miezi mitatu sasa."

"Alikuwa nani?"

"Wa kiume."

"Mlimpa jina gani?" Kudra akatikisa kichwa. "Mlimzika wapi?"

"Sijaonyeshwa, mama. Kila nikitaka kuuliza, tunarekodi."

Bi Nasma alikaa kitandani kidogo. Kisha akajitanda khanga kichwani, akavua viatu, akafungua mlango akatoka.

"Mwenye ngoma, acha. Jamani, tumefiwa. Nimefiwa na mjukuu."

Ngoma ikakatika. Shamsi alibaki ameinua simu, mdomo wazi. Tangu amwoe Kudra, Bi Nasma hakuwahi kumtaja jina, kwa heshima ya ukwe. Siku hiyo alimtaja.

"Shamsi, weka hicho kitu chini. Wewe ndiye baba wa marehemu. Mfiwa hasimami. Kaa, watu wakupe pole."

Mzee mmoja akatandika mkeka. Shamsi akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango, halafu akakaa. Simu ikamtoka mkononi. Akaanza kulia kilio kibaya, cha kukwama kwama, na wanaume wakamsogelea wakamshika mabega. Hakuna aliyekumbuka kuizima ile simu.

Kudra akatoka chumbani miguu mitupu, tumbo tambarare, kila mtu akaliona. Hakwenda kwa mumewe. Alikwenda kukaa kwa wanawake, ambao walishavua viatu na kuketi chini. Bibi mmoja asiyemjua hata kwa sura akamshika mkono.

"Pole, mwanangu," akamwambia.

Ilikuwa pole ya kwanza kupewa tangu mwanawe afe. Kudra akaangua kilio.