Kitenge cha Mama kwenye Hodhi la Sultani

Kwetu Ileje, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake, hamsemeshi, wala hapiti naye njia moja. Baba mkwe naye humkwepa vilevile, wala hagusi nguo yake. Mama yangu, Enesi, ameishika sheria hiyo tangu aolewe. Babu Asajile, baba yake Baba, akija tunakoishi Tunduma, Mama huhamia jikoni, na mimi huwa balozi wa pande zote mbili. Babu akisema, "Gwantwa, mwambie mama yako chai ni nzuri," nami, kwa uaminifu wa mwanafunzi wa bweni, hufikisha kwamba chai ni nzuri na mjukuu aongezewe maandazi.

Juzi tulikuwa Dar es Salaam kwenye harusi ya binamu. Baba akaamua tuvuke kisiwani kwa siku moja, Babu aone bahari na bustani za jumba la masultani kabla macho yake hayajaisha. Boti ilikuwa ndogo. Babu alikaa mbele kabisa. Mama alikaa nyuma, kampa mgongo, kajifunika kitenge hadi puani. Baba katikati, anatokwa jasho kama trafiki wa Tunduma siku malori yamejaa.

"Mzee, usigeuke."

"Kwani nimegeuka? Wewe ndiye unanigeuzageuza."

Bustanini tuligawana: Babu na Baba kulia, Mama nami kushoto. Hakuna aliyetuambia kwamba njia zote huzunguka na kukutana kwenye hodhi walimooga masultani, shimo la mawe lililojaa maji ya kijani.

Baba alikuwa amekwenda kununua maji ya kunywa. Babu alisimama peke yake ukingoni. Tulipotokea kwenye kona, Mama akaganda. Babu akaona kitenge, akafanya afanyavyo kila mzee wa kwetu mwenye adabu: akatupisha. Akarudi nyuma hatua moja. Nyuma hapakuwa na kitu.

Alizama, akaibuka, akapapasa jiwe lenye utelezi. Nililala kifudifudi nikanyoosha mkono, haukumfikia. Mama alimpa mgongo, akavua kitenge, akarusha ncha yake nyuma bila kutazama. Ikaangukia mbali. Akaivuta, akarusha tena. Safari hii ilimgusa Babu vidoleni.

Hakuishika.

"Nguo ya mkwe," alisema, na maji yakamwingia mdomoni.

"Gwantwa," Mama alisema, "mwambie babu yako ashike."

"Babu, shika."

"Mwambie siwezi."

Sikuongeza maandazi. Kichwa cha Babu kilizama, kikarudi bila kofia.

Mama akageuka. Akamtazama usoni, machoni.

"Baba," alisema, "shika."

Akashika. Mama akavuta, mimi nimemkumbatia kiuno, hadi Babu akalala juu ya mawe akikohoa. Baba alipofika na chupa zake, Mama alikuwa tayari amegeukia ukuta wa bustani.

Wakati wa kurudi kila mtu alikaa pale pale pa asubuhi. Babu mbele, kajizungushia kile kitenge kilicholowa. Mama nyuma, koti la Baba kichwani. Nilingoja kazi yangu kwa woga.

Katikati ya maji Babu akakohoa.

"Gwantwa, mwambie mama yako ana mikono ya jembe."

Nikageuka kufikisha ujumbe.

"Nimesikia," Mama akasema, macho yake baharini.