Muulize Mshonaji

Kiti kilimwia Hafswa moto. Mara aegemee, mara asimame, mara aufungue tena ukurasa uleule aliokwisha kuufungua mara chungu nzima tangu asubuhi. Kwenye kioo cha kompyuta ya chuo palikuwa na picha ya kofia nyeupe ya vito, vito vyenyewe ni vitundu vilivyozungushiwa uzi mwembamba kama unywele, na chini yake maneno aliyoyaandika kwa kuamriwa na ami yake: *Kila kofia yetu hushonwa kwa mkono wa Bi Mwanamina wa Malindi.* Ujumbe ulikuwa umeingia kutoka kwa mnunuzi wa kwanza, na ujumbe huo ndio uliomnyima raha.

Ulikuwa muhula wake wa mwisho wa kusomea utengenezaji wa tovuti za biashara. Mwalimu Joram, mtu wa bara aliyesema Kiswahili polepole kama avukaye mto kwa kukanyaga mawe, alimtaka kila mwanafunzi ajenge duka la mtandaoni la biashara iliyopo kweli, kisha alionyeshe darasani. "Duka la kubuni sitalisahihisha," alisema. "Na mkumbuke, mnunuzi wa mtandaoni hawezi kushika kitambaa. Anachoshika ni maneno yenu."

Hafswa hakutafuta mbali. Ami yake, Farid, aliuza kanzu na kofia katika duka la mji wa kale aliloachiwa na babake, na sifa ya duka hilo tangu zamani ilikuwa kofia za mamake, Bi Mwanamina, bibi yake Hafswa. Basi akajenga. Alijifunza kuzipanga picha, kuunda kikapu cha mnunuzi, kuzihifadhi oda zisipotee. Kitu kilichompa fahari kuliko vyote kilikuwa kitufe kidogo cha kijani alichokibuni mwenyewe baada ya yale maneno ya mwalimu: *Muulize mshonaji.*

Na sasa mtu alikuwa ameuliza. *Naitwa Raiya, niko Mombasa. Mwanangu anaoa mwezi ujao. Nataka kofia yenye ua la kilua, ambalo sijaliona kwenye kofia yoyote. Naomba nizungumze na mshonaji mwenyewe.*

Hafswa alijua kwamba macho ya bibi yake yameingia ukungu, mwaka wa sita huu. Alijua pia kwamba kofia hazijapata kupungua dukani. Mambo hayo mawili alikuwa ameishi nayo nyumba moja bila kuyakutanisha.

Alipokwenda dukani kumwonyesha ami yake ujumbe ule, Farid hakuinua uso. "Mjibu wewe. Mwambie bibi ni mtu mzima, hazungumzi na wageni. Huo si uongo."

"Na kofia, ami, nani anazishona?"

"Kofia ni za duka."

Alimkuta bibi ukumbini akichambua asumini kwa ncha za vidole. Akamwamkia, akaketi, akainuka, akaketi tena.

"Una nini leo, mbona hutulii?" Bi Mwanamina akauliza.

"Bibi, nani anashona kofia zako?"

Vidole vikasita juu ya maua. "Ami yako hajakwambia?"

"Hajanambia."

"Kabibi, wa Gede. Nilimfundisha mimi, hapa hapa tulipokaa. Macho yaliponiishia nikamwachia sindano." Akalichukua ua jingine, akalipapasa. "Jina, hapana aliyenambia nimwachie."

Kesho yake Hafswa alishuka Gede, akaulizia, akaonyeshwa nyumba ya udongo nyuma ya maduka. Kabibi alikuwa mama wa makamo, amekaa kizingitini na kitambaa magotini. Aliitikia shikamoo bila kuondoa macho kwenye kazi yake. Hafswa akamfungulia ukurasa kwenye simu, na hapo tu ndipo mama yule alipoiweka sindano chini.

"Hii ya mwezi wa Rajabu," alisema, akiigusa picha. "Hapa uzi ulinikatikia, nikaunga. Haoni mtu ila mimi."

Hafswa akamsomea maneno ya chini ya picha, kisha ujumbe wa Raiya wa Mombasa.

"Nataka niandike jina lako, mama," Hafswa akasema.

"Wewe wataka upasi mtihani."

Neno lile lilimchoma kwa sababu halikukosa ukweli.

"Ami yako akikasirika," Kabibi aliendelea, sauti haikupanda, "wewe una chuo. Mimi nina nini?"

Miaka miwili ya kuandika programu chuoni Hafswa alikuwa amezoea kuamini kwamba kila kilichoharibika kina mstari wake uliokosewa, na kwamba ukiwa na subira utauona, utaongeza alama iliyosahauliwa, na kila kitu kitakwenda. Hapa hapakuwa na alama iliyosahauliwa. Palikuwa na mtu na kazi yake. Kwa mara ya kwanza tangu ujumbe ule uingie, alikaa chini akatulia, si kwa kuwa moyo umepoa, bali kwa kuwa hakuona pa kukimbilia.

Kabibi akauliza, "Huyo mama wa Mombasa ataka ua gani?"

"La kilua."

Kabibi akaokota kalamu ya risasi, akachora kwenye kipande cha kitambaa: petali zile nene zilizojikunja, moja baada ya moja. Akakiinua kwenye mwanga, akafinya macho, akakilaza tena. "Hili nilikuwa nalo siku nyingi. Sikuambiwa kulishona." Kisha akasema, "Nisomee tena. Amesema ataka kuzungumza na nani?"

"Na mshonaji mwenyewe."

"Basi mshonaji ni mimi. Andika. Lakini ami yako asilisome jina langu kwenye simu pamoja na watu wengine. Umwambie kwa kinywa chako kwanza, kisha uje hapa uniambie alivyosema."

Siku ya kuonyesha kazi ilikuwa Jumatano, saa nane mchana. Saa tatu asubuhi Hafswa alikuwa dukani, maneno aliyoyapanga njia nzima yamemtawanyika kama kuku walioona mwewe.

"Ami, nimekwenda Gede."

Farid alikuwa akikunja kanzu. Akaikunja hadi mwisho, akaiweka, akachukua nyingine.

"Watu hununua jina la mama," alisema. "Ukiliondoa, duka litabaki na nini?"

"Sijaliondoa." Akamsogezea simu juu ya meza. Ukurasa mpya ulikuwa tayari, bado tu kuchapishwa. *Mshonaji: Kabibi wa Gede, mwanafunzi wa Bi Mwanamina wa Malindi.*

Farid alisoma huku midomo ikitikisika. Akarudia. Nje mtu alipita akitoa salamu, naye hakuitika, jambo ambalo Hafswa hakupata kumwona akilifanya.

"Miaka sita nampelekea vitambaa kwa mikono ya watu," alisema hatimaye. "Mlango wake siujui."

Akafunga mbao za duka, asubuhi ile ya siku ya kazi. "Nipeleke."

Njiani hakusema alikuwa akienda kufanya nini, na Hafswa hakuthubutu kumuuliza. Kila alipomtupia jicho aliuona uso uleule, umefungwa kama barua. Huenda alikuwa akimpelekea mwanamke wa watu aibu hadi nyumbani kwake. Huenda sivyo.

Mlango wa Kabibi ulikuwa wazi. Farid akasimama nje, akakohoa kidogo.

"Hodi."

Kabibi, aliyekuwa ndani mkekani, alimtazama Hafswa kwanza, kwa muda. Kisha akamtazama mgeni wake.

"Karibu, Bwana Farid," akasema, asiinuke.

Farid akautazama mkeka. Akainama, akavua viatu, akaingia. Hafswa alibaki kizingitini, kidole juu ya ukurasa ambao bado haujachapishwa, akisikiliza ni nani kati yao atakayetangulia kusema.