Chipu ya Shemeji

Siku fundi redio alipowaita ndugu waje kusikiliza kisanduku chake, sebule ilijaa hadi watu wakakalia mikono ya makochi. Miezi minne alikilehemu mwenyewe. Kazi yake moja: kupokea tarakimu kutoka kwenye simu na kuzigeuza sauti safi ya kupeleka kwenye spika. Alikijenga kwa ajili ya mjomba. Mzee alipiga tarumbeta ujanani, na sasa masikio yalikuwa yanafunga duka. Alitaka mzee aisikie vizuri mara moja tarumbeta yake iliyorekodiwa enzi hizo, kabla hayajafunga kabisa.

Chipu, moyo wa kisanduku, ililetwa na shemeji, mume wa dada yake. Chipu yoyote fundi huipangusa kwanza kwa pamba yenye spiriti, maana matapeli hukwangua maandishi ya zamani wakapiga mapya. Hii hakuipangusa. Shemeji utampangusaje?

"Siku hizi redio ya gari letu inaimba," dada aliwanong'oneza wenzake, mnong'ono wa kusikika nyumba ya tatu. "Mume wangu kaitia kitu, we acha tu."

Fundi akabonyeza. Spika zikakaanga. Tarumbeta ikatoka kama mbuzi aliyebanwa na mlango.

"Nzuri, mpwa wangu," mzee akasema, macho sakafuni.

Shemeji alipiga makofi kuliko wote, kinywa kimejaa, makombo yakimdondokea tumboni. "Huyu ndiye fundi. Wengine wana bisibisi tu."

Fundi akafungua kisanduku, akapangusa chipu. Maandishi yakahamia kwenye pamba kama wanja wa mtu aliyelia. Chini yake ikabaki mikwaruzo tu.

"Shemeji, ya kweli iko wapi?"

"Ipi tena?"

"Dada, redio ya gari imeanza kuimba lini?"

"Wiki ileile aliyokuletea..." Dada akaufunga mdomo, amechelewa.

Shemeji akatoa ufunguo wa gari, unang'aa mafuta ya vidole vyake. Fundi akaupokea kwa ile pamba, akamshika mjomba mkono, wakatoka.

Garini fundi aliunganisha simu na redio, tarumbeta ikatoka safi; mzee alisikiliza amefumba macho. "Hapo," akasema, "niliteleza. Miaka arobaini namsingizia mpiga ngoma." Akacheka hadi akajifuta machozi.

Fundi alishusha kioo; manukato ya shemeji yalikuwa yameganda kwenye viti. Kutoka sebuleni sauti yake ilikuwa ikiwaeleza watu, "Nilitaka kumshtukiza tu jamani." Akatema mate nje.

"Rudia," mjomba akasema.

Akarudia, pua ameiziba kwa mkono wa shati.