Kalenda Iliyonakiliwa

"Miaka thelathini na minne nimepiga chapa, kibodi haijanishinda. Leo nimefika kwenye tarehe ya kuzaliwa, kalenda yenu imenifunga kama mbuzi," mama alisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa heshima mbele za watu.

Bintiye alisimama katikati ya ngazi za ofisi, damu ikimchemka. Kazini walimwita Bibi Vitufe, kwa kuwa ndiye aliyetunza maktaba ya vipande: vitufe, visanduku vya kujazia na kalenda za kuchagulia tarehe, vilivyoundwa mara moja ili kila tovuti ya kampuni ivichukue vikiwa tayari. Mikono ya mama yake ilitetemeka tangu apate kiharusi, asiweze kushika kipanya. Kibodi aliimudu bila kuitazama. Alikuwa akijiandikisha kumwona daktari, na nafasi za mwezi huo zingefungwa saa kumi jioni. Kujaziwa fomu na mtu mwingine alikataa katakata.

Lililomuuma Bibi Vitufe ni kwamba kasoro hiyo ya kalenda kumnasa anayetumia kibodi aliiondoa miezi mitano iliyopita. Alipoikagua tovuti ya kliniki, iliyoundwa na wenzake wa ghorofa ya chini, akaona. Hawakuitumia kalenda ya maktaba. Walinakili ile ya zamani, wakaiweka kwao, wakaichokonoa. Marekebisho yake yote yaliipita mbali.

Alimfuata kiongozi wa tovuti hiyo, kijana waliyemwita Msanii, hadi mezani pake.

"Nani aliwaruhusu kunakili?"

"Shikamoo kwanza, dada."

"Sikuja kusalimiwa. Mama yangu amekwama kwenye kalenda yako. Ukiingia kwa kibodi, hutoki."

Msanii aliacha kutabasamu. "Tulihitaji mahali pa kuandika mwaka. Wazee walikuwa wanarudi nyuma mwezi mmoja mmoja mpaka walipozaliwa. Mtu wa miaka sabini, hebu hesabu mwenyewe."

"Mngeniomba."

"Tulikuomba."

Akamgeuzia skrini. Ombi lilikuwapo, limeandikwa kwa adabu, mistari kumi, na malalamiko ya wagonjwa yameambatishwa. Chini yake palikuwa na jibu la maneno mawili: *Fuateni mwongozo.* Kisha ombi likafungwa. Aliyejibu ni Bibi Vitufe mwenyewe.

Hasira haikumtoka, iligeuza njia tu, ikamrudia mwenyewe. Aliikumbuka asubuhi ile. Alikuwa amefunga maombi kumi na tisa kabla ya chai, akajisifu kwamba maktaba imebaki safi.

"Sogeza kiti," alisema. "Hata hivyo mngepanda kunifuata. Ni ghorofa moja tu."

"Na wewe ungesoma."

Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Walikaa bega kwa bega, nyuso zimekunjwa, wakaitia sehemu ya mwaka ndani ya kalenda ya maktaba yenyewe, wakaijaribu kipanya kikiwa kimechomolewa, kisha wakaifuta nakala ya kliniki na kuiweka hiyo mahali pake. Saa tisa na dakika arobaini simu ikalia.

"Nimepata. Alhamisi," mama alisema. "Sasa niambie, nani aliiharibu kalenda ile?"

Bibi Vitufe alimtazama Msanii, naye akajifanya anakunja waya.

"Tulikuwa wawili, mama. Wa kwanza ni mimi."

"Wewe, niliyekulea mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Jioni upite hapa. Utanieleza ukiwa umesimama."