Ruka Tuone

Kipkurui alikuwa na vidole vizuri vya kushikia chapati. Vya kuchezea gemu hakuwa navyo, na nasema hivyo kwa sababu nilikaa kando yake wiki nne nzima nikivitazama vikikosea. Lakini mdomo! Mdomo ule ungepewa kikapu, ungechuma shamba zima kabla ya saa nne asubuhi.

Hii ilikuwa mwaka wa tisini na nane, mvua ya El Nino imeisha juzi tu na barabara ya Kiptere bado imejaa mashimo. Bethwel alikuwa na ukumbi wa video hapo sokoni: tivii moja, deki moja, jenereta inayokohoa, na gemu ya tivii, zile za bei rahisi zenye pedi mbili za kubonyeza. Kipkurui ndiye alikuwa ameandikwa kuweka mikanda na kukata tiketi. Basi Bethwel akatangaza anafungua ukumbi wa pili Longisa na anatafuta mtu wa kuusimamia. Mshahara kila mwezi, chumba cha kulala nyuma, mabati yasiyovuja. Na kwa vile Bethwel ni mtu wa mbwembwe, akasema kazi atampa yule atakayemaliza ile gemu ya mapango mbele ya watu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hakuna mtu Kiptere alikuwa amewahi kuimaliza.

Mimi nilikuwa nachuma chai ya watu. Miaka saba. Kama hujui miaka saba ni nini, simama katikati ya majani yenye umande saa kumi na mbili asubuhi, umefunga plastiki kiunoni, mvua ya mawe ikupate hapo hapo, halafu ufike kwenye mizani uambiwe majani yako ni marefu, kayamwage. Nilitaka kutoka. Kuolewa hakungenitoa, maana walioolewa nilikuwa nawaona kwenye mstari wa kando yangu, wanachuma na mimba. Nilitaka ile kazi ya Longisa, na sioni haya kusema niliitaka mpaka ikawa inaninyima usingizi.

Sasa Kipkurui akanijia na tabasamu lake. "Janeffer, wewe mikono yako ni ya haraka. Nisaidie kitu. Nikipata Longisa, nakuchukua ukate tiketi. Haki ya Mungu."

Kitu chenyewe kilikuwa hivi. Gemu hangeweza kuimaliza, alijua. Lakini deki inaweza kurekodi kile kinachoonekana kwenye tivii. Yeye anacheza, deki inarekodi. Akifa, mimi narudisha mkanda nyuma hadi pale kabla hajakosea, naweka pozi, mkanda usimame. Anaanza gemu upya kutoka mwanzo, anakimbia hadi pale pale, na kile kijitu chenye kofia kikikanyaga jiwe lile lile, naachilia pozi. Ukitazama mkanda huoni kiungo. Unaona mtu mmoja hodari anaruka mapango yote bila kuguswa hata na popo, kumbe ni makosa mia tatu yamefutwa.

Kila jioni nikitoka kupima majani nilikuwa hapo hadi giza liingie. Kipkurui alikuwa akifa, mimi narudisha. Anakufa, narudisha. Kuna kisima pango la kwanza, siku moja akapiga chafya akiwa pale, kidole kikateleza, kijitu kikaruka kinyumenyume kikagonga kona ya kisima na kuzama ndani ya ukuta. Kikatokea mwisho wa pango! Yaani aliyetengeneza gemu aliacha mshono wazi. Kipkurui akacheka akasema amebarikiwa. Hakuweza kurudia hadi nilipomwonyesha amebonyeza nini. Ugunduzi wake mkubwa maishani ulitoka puani.

Halafu kulikuwa na sanduku la pango la tatu. Ukilifungua unapata ufunguo au unapata fuvu. Ufunguo unakupeleka mwisho, fuvu linakuua. Kipkurui alisema hiyo ni bahati tu, na bahati huombewa. Mtu mzima anabonyeza pedi huku anakemea shetani! Alipata fuvu mara kumi na nne siku moja, akakemea mara kumi na nne.

Mimi nilikuwa natazama tu. Nikaona kitu. Ile mashine haikuwa na bahati yoyote, ilikuwa inahesabu. Tangu unapoiwasha inahesabu hatua zako na miruko yako, na ikifika kwenye sanduku inatoa kulingana na hesabu. Ukifanya kila kitu vile vile tangu mwanzo, utapata ufunguo leo, kesho na Krismasi. Ukiongeza mruko mmoja wa kijinga, hesabu imeharibika, chukua fuvu lako.

Na kufanya kitu vile vile ndiyo kazi yangu. Mchumaji hatazami vidole vyake. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, tangu asubuhi, mkono wa kushoto haungoji wa kulia. Kipkurui akienda kunywa chai, nilikuwa nashika pedi. Wiki ya tatu nilikuwa naimaliza gemu kwa dakika kumi na moja, na kila mara ni dakika kumi na moja zile zile. Sikumwambia. Nilimpa tu mpangilio wa kufika kwenye sanduku, pole pole, kama unayemlisha mtoto uji, ili mkanda uishe.

Jumamosi ikafika. Saa tisa mchana ukumbi umejaa hadi watu wanachungulia dirishani. Bethwel alikuwa amemwita Ondieki awe mwamuzi. Ondieki ni karani wa kituo cha kununulia majani, miaka kumi na tisa kwenye mizani. Hakuna mtu anaogopwa Kiptere kumshinda. Ukifika na gunia lako anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, kwa sababu anajua watu huweka majani mazuri juu na magumu chini. Bethwel alifikiri jicho la aina hiyo litafaa kwa gemu. Haya.

Kipkurui akasimama akasema yeye alicheza peke yake, siku moja asubuhi, akarekodi ili watu wote waone vizuri. "Hata sikusaidiwa na mtu," akasema. Bethwel akasema mkanda nao ni mbele ya watu, ukawekwa. Watu wakapiga kelele toka kisima hadi mwisho. Ondieki akatoa daftari yake, akaandika "Imepita", akatia sahihi. Na Bethwel akauliza Longisa atakwenda na nani kukata tiketi, na yule mbwa akajibu kwamba ana binamu yake.

Binamu! Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuapa.

Nikasimama. "Huo mkanda nimeuunga mimi," nikasema. "Amekufa ndani yake mara mia tatu."

Ondieki akanigeukia. "Kiungo kiko wapi? Nionyeshe."

Nikamrudishia mkanda mara nne. Hakuna kiungo kilichoonekana. Hata mimi niliyefanya sikukiona. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri mno, mjinga mimi.

"Basi acheze na mikono yake," nikasema. "Si yuko hapa?"

Hilo watu walilipenda. Deki ikatolewa ikawekwa juu ya benchi, gemu ikawashwa, Kipkurui akapewa pedi. Akafa pango la pili. Akafa tena pango la pili. Mara ya tatu hata kisima hakukivuka. Akasema ana homa. Mellen, rafiki yangu wa kwenye mstari, akamwambia kwa sauti homa yake iko vidoleni, apelekwe hospitali akatwe.

Nikachukua pedi. Nikaizima gemu, nikaiwasha, nikaanza. Kisima, ukuta, nikatokea ng'ambo. Pango la pili. Sanduku: ufunguo. Dakika kumi na moja, kijitu kikavua kofia, muziki wa mwisho ukalia. Nikageuka nikitegemea makofi. Ukumbi wote ulikuwa unanitazama kama mtu aliyetoa nyoka mfukoni.

"Hii ni ile ile," Ondieki akasema. "Kila hatua. Kila mruko. Hii ni ile tuliyoona kwa mkanda."

"Deki si hiyo hapo kwa benchi?"

Akaenda nyuma ya tivii, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa waya zote. Hakupata kitu. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini Ondieki amezoea kwamba gunia likiwa zuri kabisa, basi uchafu uko chini sana.

"Ukiiwasha hii gemu usiiguse," akasema, "kile kijitu si huanza kukimbia peke yake kuonyesha watu? Sisi wote tumeona. Sasa huyu mama anatingisha vidole tu na mashine inajicheza. Majani yaliyo sawa yote hivi sijawahi kuona miaka kumi na tisa. Yamekataliwa."

Na watu wakaitikia! Watu waliokuwa wakinijua tangu nikiwa mtoto, wanatikisa vichwa, ee, ni kweli, inajicheza. Nilishikwa na hasira nikahisi masikio yanachemka.

"Nitacheza tena," nikasema. "Wewe simama hapa, tazama kidole na utazame tivii."

"Mara moja tu," akasema.

Nikaizima, nikaiwasha. Ondieki ameinama begani kwangu, ananuka majani. Kisima. Ukuta. Pango la pili. Yeye anatazama kidole, anatazama kijitu, na bado anaguna. Tulipokaribia daraja la pango la tatu, akasema, "Kama ni wewe, ruka hapo."

"Hapo hairukwi."

"Ruka tuone. Mashine haiwezi kunisikia nikikuambia. Kama ni mikono yako, itaruka."

Nilielewa mara moja. Sanduku lilikuwa mbele, hatua thelathini. Nikikataa, nitapata ufunguo, nitamaliza, na nitaitwa mwizi hadi nizikwe, na Longisa sipewi. Nikiruka, wataamini ni mimi. Na hesabu itaharibika.

"Ruka! Ruka!" Ukumbi wote sasa. Nikasikia sauti ya Mellen ndani yake, Mellen yangu mwenyewe, anapiga benchi. "Waonyeshe, Janeffer! Ruka!"

Ningemweleza nani? Ningesema ngojeni kwanza, gemu hii inahesabu, nikiruka hapa sanduku litabadilika? Ningesema hivyo kwa watu walioamini Kipkurui amebarikiwa?

Nikaruka. Na nikiwa nimeshaharibu, nikasema acha niharibu vizuri. Nikakirusha kile kijitu juu ya daraja mara saba, mbele, nyuma, kikawa kinacheza kama kwaya siku ya harambee. Ukumbi ukalipuka. Watu wakasimama juu ya mabenchi. Ni yeye! Ni mikono yake! Ondieki mwenyewe alipiga makofi, akacheka, meno yote nje.

Nikatembea hatua thelathini. Nilijaribu kuhesabu njiani, nikarudi nyuma kidogo, nikasogea mbele, nikitafuta hesabu mpya. Nikafungua sanduku. Fuvu.

Kijitu kikaanguka.

"Aaah, pole," watu wakasema.

Nikamwambia Ondieki sasa ameona ni mimi, basi ile mara ya kwanza nilimaliza ni mimi pia. Kwani ya kwanza nilicheza na miguu? Akatingisha kichwa. Alikuwa hata na huruma usoni, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi.

"Mama, majani yakikataliwa hayarudi kwa mizani siku hiyo. Wewe unajua. Na hii ya pili hukumaliza."

"Na Kipkurui alimaliza nini?"

"Yake ilipita. Iko kwa daftari na sahihi. Karani hafuti."

Nikamtazama Bethwel. Bethwel akatazama viatu vyake, halafu akatazama mkanda. Mkanda ule angeweza kuuonyesha Longisa kila siku, watu walipe kiingilio waone shujaa. Mimi ningemletea nini? Akamrushia Kipkurui funguo, na Kipkurui akazidaka. Hizo angalau alizidaka.

Mellen alinishika mkono tukatoka nje. Alikuwa na furaha, maskini, hakuelewa. Akaniambia tumewanyamazisha wote, hakuna mtu atasema tena mimi ni mwongo. Nikamwambia asante, kongoi, nyamaza sasa. Nililia pale kando ya jenereta ili nisisikike.

Jumatatu nilikuwa kwenye mstari saa kumi na mbili. Kulikuwa na umande. Saa nane nikafikisha gunia langu kwenye mizani, na Ondieki akaniona akatabasamu mbele ya watu wote.

"Huyu mama!" akawaambia. "Nilimtilia shaka, lakini siku hizi namwamini kabisa. Mikono ni yake."

"Basi iweke hiyo imani yako kwa mizani, karani," nikamwambia, "tuone itafika kilo ngapi."

Akacheka sana. Kisha akaingiza mkono wake ndani ya gunia langu, hadi kwenye kiwiko.